Cheti na Karakana: Yaliyowapata Jirani Zetu

Ndugu wasikilizaji, na hasa ninyi ndugu zetu wapiganaji, askari polisi na askari wa vikosi vingine mlioko makambini, mipakani na vituoni, katika mazungumzo yetu ya leo kuhusu nchi za jirani tunaitazama Kenya, na kwa sehemu Uganda, katika jambo ambalo halina mpaka. Jambo lenyewe ni hili: kijana anapomaliza shule, ni kitu gani kitakachompatia kazi? Ni cheti alichopewa, au ni kazi ambayo mikono yake inaiweza?

Mwaka 2023 watoto wa darasa la nane nchini Kenya walikaa kufanya mtihani wa KCPE kwa mara ya mwisho. Mtihani huo ulianza mwaka 1985, pamoja na mfumo wa elimu uliojulikana kama 8-4-4, yaani miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu. Kuondoka kwake kulipokelewa na wengi kwa furaha, kwa maelezo kwamba ulikuwa umewafanya watoto kuwa watumwa wa alama. Lakini ni vema tukumbuke kwamba mfumo huo huo, ulipoanzishwa, ulisifiwa kwa sababu iliyo kinyume kabisa. Ulisemwa kuwa ndio utakaowatoa vijana wa Kenya katika utumwa wa vyeti na kuwapa ufundi wa kujitegemea. Iliwezekanaje basi mfumo uliozaliwa ili kuua ugonjwa uje ufe kwa ugonjwa ule ule? Hilo ndilo swali letu la leo, na jibu lake lina faida kwa kila mzazi, akiwemo mzazi mwenye sare.

Ndugu wasikilizaji, hapana budi kwanza turudi nyuma. Katika miaka ya utawala wa kikoloni, serikali ya Waingereza haikuchukia ufundi kwa Mwafrika. Kinyume chake, iliupenda. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilizunguka Afrika Mashariki, ikashauri kwamba elimu ya Mwafrika ifungamane na kilimo, kazi za mikono na maisha ya kijijini. Katika miaka hiyo hiyo kituo cha kufunza mafundi wa Kiafrika kilifunguliwa pale Kabete, karibu na Nairobi. Hata Makerere, ambayo leo kila mtu huitaja kama kisima cha wasomi, ilianza mwaka 1922 kama chuo cha ufundi chenye vijana kumi na wanne waliojifunza useremala, ujenzi na umakanika.

Kwa nini basi wazazi wetu waliukimbia ufundi huo na kuwasukuma watoto wao kwenye kalamu? Wako wanaosema kwamba Mwafrika aliona haya kushika jembe. Maneno hayo si ya haki. Mzazi wa wakati ule alikuwa na macho. Aliona kwamba mtoto wa Mzungu hakufundishwa useremala, bali alifundishwa kuwa bwana shauri, hakimu na daktari. Aliona kwamba fundi wa Kiafrika alilipwa kidogo kuliko fundi wa rangi nyingine aliyefanya kazi ile ile, na kwamba karani, hata akiwa dhaifu wa mwili, alikaa kivulini na mwisho wa mwezi akapokea zaidi. Kwa hiyo aliposhauriwa kwamba ufundi ndio unaomfaa Mwafrika, alielewa kuwa anaambiwa abaki chini. Shaka hiyo haikuwa ujinga. Ilikuwa hesabu, tena hesabu sahihi.

Wazee waliorudi kutoka Vita Vikuu vya Pili mwaka 1945 walilipata somo hilo kwa njia yao. Wengi wa askari wa King's African Rifles na vikosi vingine vya Afrika Mashariki walikuwa wamejifunza kuendesha malori, kutengeneza injini, kupeleka habari kwa simu ya upepo na kuuguza majeruhi. Waliporudi nyumbani wakiwa na ujuzi huo wa kweli, wengi wao hawakupata kazi iliyolingana nao, kwa kuwa uchumi wa koloni haukuwa umewawekea nafasi. Ujuzi bila mahali pa kuutumia ni kama bunduki bila risasi.

Kenya ilipopata uhuru mwezi Desemba mwaka 1963, viti vingi vya ofisini vilibaki wazi, na aliyekuwa na cheti cha kidato cha nne aliitwa akavikalia. Kwa miaka michache ile, cheti kilikuwa kazi yenyewe. Habari hiyo ilienea vijijini kwa kasi kuliko tangazo lolote la serikali. Wananchi wakajitolea fedha, mchanga na nguvu zao, wakajenga shule za sekondari za Harambee, mpaka zikazidi kwa idadi zile za serikali. Kwa hakika ilikuwa kazi ya kusifiwa. Lakini viti vya ofisini havikuongezeka kwa kasi ya shule. Vilipojaa, aliyeshinda jana kwa cheti cha darasa la saba alitakiwa leo awe na cha kidato cha nne, na kesho yake cha kidato cha sita, kwa kazi ile ile ya kupanga majalada.

Serikali ya Kenya ilijaribu kuondoa tatizo kwa amri. Mwaka 1964 ulifanywa mkataba wa pande tatu, serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi. Waajiri binafsi walikubali kuongeza wafanyakazi kwa asilimia 10 na serikali kwa asilimia 15, na wafanyakazi kwa upande wao wakakubali kutodai nyongeza za mishahara kwa muda. Matokeo yake yaliwashangaza wengi. Habari kwamba kazi zinagawiwa mjini ziliwavuta vijana wengi zaidi kutoka mashambani, na foleni ya watafuta kazi ikawa ndefu kuliko ilivyokuwa.

Mwaka 1966 Baraza la Kikristo la Kenya lilitoa taarifa iliyouliza swali fupi: baada ya shule, nini? Taarifa hiyo ilihusu watoto waliomaliza elimu ya msingi wasipate nafasi ya kuendelea. Kutokana nayo kulianzishwa vyuo vidogo vya ufundi vya vijijini. Wazo lake lilikuwa zuri na la gharama nafuu: kijana ajifunze karibu na kwao ufundi unaotakiwa hapo hapo, kama uashi, useremala, ushonaji na uhunzi, na akishaumudu atoke aanze kazi. Hapakuwa na mtihani wala cheti, kwa maana ilidhaniwa kwamba nyumba aliyoijenga au mlango alioutengeneza ndio utakaomsemea.

Ndugu wasikilizaji, hapa ndipo penye mafunzo makubwa kuliko yote katika historia hii. Haikupita miaka mingi, vijana wa vyuo hivyo na wazazi wao wakaanza kudai majaribio ya ufundi ya serikali, yale ya daraja la tatu, la pili na la kwanza. Walimu wakabadili mafunzo ili yaelekee mtihani huo. Kijana aliyefundishwa ili abaki kijijini akatumia cheti cha majaribio kama nauli ya kwenda Nairobi. Je, walikosea? Yafaa tujiulize kwanza: mwajiri wa Nairobi alipotaka seremala, aliuliza nini? Aliuliza cheti. Kama mnunuzi anadai karatasi, huwezi kumlaumu muuzaji kwa kuitafuta.

Mwaka 1972 ujumbe wa wataalamu wa Shirika la Kazi Duniani, ILO, ulitoa taarifa yake kuhusu ajira nchini Kenya. Taarifa hiyo ilisomwa duniani kote kwa sababu iliwaonyesha wakubwa jambo ambalo walikuwa wakilipita kila siku bila kuliona. Ilionyesha kwamba tatizo la Kenya halikuwa tu watu wasio na kazi. Walikuwako watu wengi sana waliofanya kazi kwa bidii, tena kazi yenye faida kwa nchi, lakini hawakuhesabiwa popote: mafundi wa masanduku ya bati, wa majiko ya makaa, wa vitanda, wa viatu, wa baiskeli na wa magari, waliofanya kazi zao chini ya jua bila paa. Wakenya wamewapa jina lililoingia katika lugha yetu sote, nao ni watu wa jua kali. Fundi wa namna hii hujifunza kwa fundi mwenziwe. Huanza kwa kufagia na kushika koleo, akaendelea mpaka akakabidhiwa chuma chake mwenyewe.

Taarifa hiyo ilisema jambo jingine ambalo ningependa ndugu zetu askari polisi walisikilize kwa makini. Ilishauri serikali iache kuvunja vibanda vya mafundi na wafanyabiashara wadogo, na iondoe vizuizi vya leseni vilivyowafanya waonekane kama wahalifu. Kwa miaka mingi mtu aliyekuwa akijitafutia riziki kwa nyundo yake alikimbizwa sawasawa na mwizi. Ushauri huo haukufuatwa upesi. Ilikuwa mpaka mwaka 1985, Rais Daniel arap Moi alipowatembelea mafundi wa Kamukunji, Nairobi, ndipo serikali ilipoanza kuwajengea mabanda na kuwatambua hadharani. Anayesimamia sheria barabarani anao wajibu wa kulinda usafi na usalama wa mji, hilo halina ubishi. Lakini anayejua historia hii atatofautisha baina ya kijana anayevunja sheria na kijana anayevunja jiwe ili ale.

Sasa tufike kwenye huo mfumo wa 8-4-4. Mwaka 1981 tume iliyoongozwa na Colin Mackay iliundwa kuchunguza kuanzishwa kwa chuo kikuu cha pili nchini Kenya, na pamoja na hilo ikapendekeza kubadilisha mfumo mzima wa elimu. Mwaka 1985 mfumo mpya ukaanza. Watoto wa msingi waliongezewa kilimo, sanaa na ufundi wa mikono, sayansi ya nyumbani na masomo ya biashara. Katika sekondari kukawa na useremala, kazi za chuma, uashi, umeme na mengineyo. Shabaha ilikuwa kwamba kijana atakayeishia njiani, popote atakapoishia, awe na jambo la kufanya.

Shabaha hiyo haikuwa na kasoro. Zana ndizo zilizopungua. Wazazi waliambiwa wajenge karakana kwa nguvu zao. Wenye uwezo walijenga, na wasio na uwezo wakajenga kuta bila vifaa. Walimu waliofundishwa historia na jiografia wakatakiwa kufundisha randa na patasi. Masomo yakawa mengi kuliko saa za siku. Tena, na hili ndilo lililoua kabisa, ufundi ulipimwa kwa karatasi. Mtoto aliulizwa ni msumeno upi hutumika kukatia mbao kwa kufuata nyuzi zake, naye akajibu sawasawa na kupata alama, ingawa msumeno wenyewe hakuwahi kuushika. Mtihani ukishakuwa hivyo, mwalimu mwerevu hufundisha majibu, haufundishi mkono.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mitaala ilipunguzwa, na yaliyotupwa kwanza yalikuwa yale yale ya mikono. KCPE ikabaki na masomo matano yenye alama 500: Kiswahili, Kiingereza, hisabati, sayansi, na masomo ya jamii pamoja na dini. Mtoto akahesabiwa kwa alama hizo 500, na hata moja kati yake haikuwa ya kitu alichokitengeneza. Hivyo ndivyo mfumo wa kujitegemea ulivyogeuka kuwa mfumo wa kushindania nafasi.

Na kama kwamba hilo halikutosha, vyuo vya ufundi vyenyewe vilianza kupanda ngazi. Mwaka 1951 chuo kilichojulikana kama MIOME kilipokea wanafunzi wake wa kwanza pale Mombasa ili kuwapa vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki elimu ya ufundi. Baadaye kikawa chuo cha ufundi cha wote, halafu Mombasa Polytechnic, na mwaka 2013 kikawa chuo kikuu. Mwaka huo huo Kenya Polytechnic ya Nairobi nayo ikawa chuo kikuu. Chuo cha Kimathi kule Nyeri, kilichoanzishwa kwa michango ya wananchi ili kufundisha ufundi, kilikuwa chuo kikuu kamili mwaka 2012. Hatusemi kwamba vyuo hivyo ni vibaya, wala kwamba havifundishi tena ufundi. Tunachosema ni kwamba nchi yenye wahandisi wengi na mafundi mchundo wachache ni kama kikosi chenye maofisa tele na koplo wachache. Mipango itakuwa mizuri, lakini mtaro hautachimbwa. Kenya yenyewe iliona pengo hilo, na mwaka 2013 ikatunga sheria mpya ya elimu na mafunzo ya ufundi, kisha ikaendelea kujenga vyuo vya ufundi katika majimbo ya uchaguzi.

Mfumo ulioshika mahali pa 8-4-4 ni ule unaoitwa CBC, ulioanza kutumika nchini kote mwaka 2019. Huo unadai kupima kile ambacho mtoto anaweza kukifanya. Umekwisha kukutana na malalamiko: wazazi wamelalamikia gharama za vifaa, na uhaba wa walimu umeonekana tangu sekondari ya chini ilipoanza mwaka 2023. Hayo ni matatizo yale yale ya mwaka 1985 yaliyovaa nguo mpya. Ni mapema mno kuuhukumu mfumo huo, lakini si mapema kuyatambua maradhi yanayoweza kuuangusha.

Upande wa Uganda, elimu ya msingi bila karo ilianza mwaka 1997, na ya sekondari mwaka 2007. Mwaka 2008 ikatungwa sheria ya mafunzo ya biashara na ufundi, na mwaka 2012 serikali ikaanza mpango wake wa kuwapa wananchi stadi. Katika juhudi za Waganda liko jambo moja la kuigwa. Mtu aliyejifunza ufundi nje ya shule, gereji au kazini, huweza kupimwa na kupewa hati inayotaja kazi anazoziweza. Haulizwi alisoma shule gani. Anapewa kazi, anaifanya mbele ya mpimaji, na kilichofanyika kinaandikwa. Hati ya namna hiyo ni cheti ambacho hakisemi uongo. Hapa kwetu pia mamlaka ya ufundi stadi, VETA, hufanya kazi ya kurasimisha ujuzi wa mafundi wa mitaani kwa njia inayofanana na hiyo.

Ndugu wasikilizaji, mtu asije akafikiri kwamba tunawanyooshea jirani kidole. Sisi Tanzania tulitangaza Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi mwaka 1967, kabla ya wengi kulifikiria jambo hilo. Tuliazimia Musoma mwaka 1974 kwamba elimu ya msingi iwafikie watoto wote mapema. Shule zetu zilikuwa na mashamba, mifugo na karakana. Lakini wengi wetu tunajua yaliyotokea katika shule nyingi. Shamba la shule likawa mahali pa kumpeleka mtoto mtundu akaadhibiwe, na jembe likawa fimbo yenye mpini mrefu. Mtoto aliyeadhibiwa kwa jembe hawezi kulipenda. Sasa, tangu mwaka 2024, mitaala yetu mipya imeweka katika sekondari mkondo wa jumla na mkondo wa amali. Tukiwaza kwamba mkondo wa amali ni wa wale walioshindwa, tutakuwa tumerudia safari ya jirani kituo kwa kituo.

Kiini cha jambo ni nini basi? Kiini ni kwamba mabishano ya elimu ya darasani na ujuzi wa mikono yamewekwa vibaya tangu mwanzo. Mnajua hivyo kuliko raia wengi, kwa maana jeshi na polisi ni mahali ambapo mambo hayo mawili hayakuachana. Fundi wa silaha husoma kitabu cha silaha, kisha huifungua na kuifunga mpaka aweze kufanya hivyo gizani. Mtu wa mawasiliano hujifunza hesabu za mawimbi, kisha hupanda mlima na redio mgongoni. Mganga wa kikosi hujifunza mishipa ubaoni, halafu hufunga jeraha huku muda ukihesabiwa. Mpelelezi husoma sheria, lakini asipojua kulinda mahali pa tukio, sheria yake haitamfikisha mahakamani na kushinda. Mnaelezwa, mnaonyeshwa, mnafanya, mnarudia, mnapimwa kwa kutenda. Hakuna kamanda anayemkabidhi dereva gari la askari thelathini kwa sababu tu alijibu vizuri maswali kuhusu usukani. Tena hakuna anayemkabidhi fundi asiyejua kusoma mitambo ya kisasa, maana maelekezo yake yameandikwa, na kosa la tarakimu moja huua.

Hili lina maana kwamba anayemwambia mtoto wako aache shule kwa kuwa shule haileti kazi anampoteza. Fundi umeme asiyejua hesabu ataunguza nyumba. Fundi wa magari asiyeweza kusoma atabakia na magari ya zamani, maana ya sasa huzungumza kwa kompyuta. Na anayemwambia mtoto kwamba bila chuo kikuu hana maisha naye anampoteza, maana anamweka katika foleni ambayo mwisho wake hauonekani.

Kwa hiyo, kutokana na yaliyowapata jirani zetu, yako mambo matatu ambayo askari anaweza kuyashika. La kwanza linamhusu yeye mwenyewe. Askari wa vyeo vya chini huvua sare akiwa bado na nguvu za miaka mingi ya kazi. Anayo fani ambayo ameifanya kwa miaka kumi na mitano au ishirini, lakini uraiani hakuna anayeielewa kwa jina lake la kijeshi. Asingoje barua ya kustaafu. Angali kazini, aende apimwe katika fani hiyo kwa utaratibu wa kiraia unaotambulika, apate hati yake, na ajifunze hesabu za biashara ndogo, kwa maana fundi hodari asiyejua kukadiria gharama huwafanyia watu kazi bure. Kiinua mgongo huisha. Lakini achanikaye kwenye mpini hafi njaa.

La pili linahusu watoto. Unapopeleka mtoto katika chuo cha ufundi, usitazame rangi ya majengo wala wingi wa majina ya kozi. Uliza vifaa viko vingapi na wanafunzi ni wangapi kwa kila kifaa. Uliza mwanafunzi hutumia saa ngapi kwa juma karakanani. Uliza mwalimu mwenyewe amewahi kufanya kazi hiyo wapi. Uliza mtihani hupima mkono au hupima karatasi tu. Mwisho uliza kama njia ya kwenda mbele iko wazi, ili fundi mchundo mwenye akili aweze siku moja kuwa fundi sanifu na hata mhandisi. Ufundi usio na ngazi ni shimo, na ndio uliowafanya wazee wetu waukimbie. Tena msisahau mabinti. Vyuo vingi vya vijijini viliwaelekeza wasichana kwenye kushona na kupika peke yake, kana kwamba waya wa umeme unatambua mkono wa mwanamume.

La tatu linahusu heshima na malipo, na hapa neno ni kwa wenye mamlaka ya kuajiri, wa kiraia na wa kijeshi. Mwaka 1965 mtaalamu mmoja wa elimu, Philip Foster, alieleza kuhusu Ghana kwamba vijana hawakuchagua masomo ya ofisini kwa kudanganywa na mitaala, bali kwa kuona ni nani anayelipwa na kuheshimiwa. Shule haiwezi kubadili kwa hotuba jambo ambalo jedwali la mishahara linalikanusha kila mwisho wa mwezi. Siku fundi mahiri atakapoweza kupanda cheo na kulipwa kwa ufundi wake bila kulazimika kuuacha na kwenda kukaa mezani, siku hiyo hamtahitaji kuwahubiria vijana. Na mwajiri anayedai shahada kwa kazi ya kidato cha nne ajue kwamba yeye ndiye anayejenga foleni anayoilalamikia.

Ndugu wasikilizaji, Kenya imejaribu kwa miaka sitini. Imejaribu kwa amri ya mwaka 1964, kwa vyuo vya vijijini, kwa mfumo wa 8-4-4, na sasa inajaribu tena. Kila jaribio lilikuwa na watu wenye nia njema. Lililokosekana halikuwa wazo, bali ni misumeno ya kutosha, walimu wenye mikono yenye sugu, mtihani unaopima kutenda, na mwajiri anayeheshimu kilichopimwa. Mambo hayo manne hayatangazwi kwa shangwe, wala hayazinduliwi kwa kukata utepe. Hununuliwa, hufundishwa na kusimamiwa mwaka baada ya mwaka. Jirani yetu amelipa karo ya somo hili kwa niaba yetu. Kazi iliyobaki ni sisi kulisoma.